Kioo Kisichobagua Rangi

Saa sita mchana majaruba ya Ahero hayatazamiki. Maji yaliyovutwa kwa pampu kutoka Mto Nyando yametanda kati ya miche, jua liko utosini, na mwanga unakupiga kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja. Ikweta haiko mbali. Ni kilomita zisizofika 25 kwenda kaskazini. Nilikuwa nimeinama nikifunga kioo cheusi cha mviringo mbele ya lenzi, kijana aliyenishikia stendi akaniuliza, "Mzee, hiki kinaitwaje kwa Kiswahili?"

"Filta," nikamjibu, kama tusemavyo sote.

"Filta si ile ya oili?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Filta ya oili hunasa uchafu, oili safi ikapita. Chujio la chai hubakiza majani. Kung'uto la nazi hubakiza machicha, tui likashuka. Vyote hivyo kazi yake ni kuchagua: hiki kipite, kile kibaki. Kioo changu hakichagui kitu. Kila rangi ya mwanga inayokifikia, nyekundu, kijani, buluu, hukatwa kwa kiasi kilekile na kinachobaki hupita. Kukiita kichujio ni kukisingizia kazi isiyo yake.

Mama mmoja aliyekuwa akipandikiza mpunga karibu nasi alikuwa akisikiliza. Nikakifungua kioo nikampa. "Mama, hebu tazama shamba lako." Akafuta mkono kwenye leso, akakishika ukingoni kwa ncha za vidole, akakielekeza kwenye miche. "Jua limepungua," akasema. "Lakini mpunga wangu uko vilevile. Kijani ni kijani." Kisha akakipa jina bila kusitasita: "Hii ni miwani ya kamera."

Jina zuri, na ningelipokea siku hiyohiyo kama si mambo mawili. Miwani nyingi ya jua ina rangi yake, kahawia au kijani, na huipaka dunia nzima rangi hiyo. Tena neno miwani linamwalika mtoto kulitazama jua, na vioo hivi vya kawaida vya kamera havilindi jicho dhidi ya miali ya joto isiyoonekana. Istilahi inayoweza kumpofusha mtu haifai, hata iwe tamu.

Neno nililokuwa nikilitafuta nililikuta jikoni. Maji ya kuoga yakiwa ya moto mno, tunayazimua kwa maji baridi. Kinywaji kikali huzimuliwa. Kuzimua ni kupunguza ukali wa kitu bila kukigeuza kuwa kitu kingine, na hicho ndicho alichokiona yule mama. Kiswahili kina kipazasauti, kinasasauti na kipimajoto. Kwa nini tusiwe na kizimuamwanga?

Kwenye ukingo wa kioo huandikwa herufi mbili, ND. Ya kwanza ni ya kutoegemea upande, ya pili ni ya msongamano. Msongamano mimi naukataa hapa, maana ni wa watu sokoni na magari njia panda. Weusi wa kioo tuuite ukolevu, kwa maana rangi hukolea kama chai inavyokolea. Na ile ya kwanza tunayo tayari, tena kwa uchungu wa historia: kisichobagua rangi. Niliwahi kununua kioo cha bei nafuu kinachobagua. Kilizuia mwanga unaoonekana lakini kikaachia miali ya joto, na sketi nyeusi za kwaya zikatoka rangi ya damu ya mzee. Nyuso za waimbaji nazo zilichujuka, zikawa na wekundu ambao hawakuzaliwa nao. Kwa mpiga picha wa Afrika Mashariki sifa hii ya kutobagua si pambo. Jaribu kioo juu ya kitambaa cheusi na uso wa mtu kabla hujatoa pesa.

Vipimo ndivyo vinavyowachanganya wanafunzi, kwa sababu kioo kimoja kina majina matatu. Chukua leso uikunje. Mkunjo mmoja, tabaka 2; mikunjo mitatu, tabaka 8; sita, 64; kumi, 1,024. Kila mkunjo ni nusu ya mwanga inayotoweka. Kiwanda kimoja huandika 64, kingine huandika ukolevu 1.8, yaani 0.3 kwa kila mkunjo, na fundi husema stopu 6. Ni kioo kilekile. Mimi nasema mikunjo 6.

Na mikunjo 6 ndiyo Ahero inayodai. Kwenye jua kali, kwa wepesi (ISO) wa 100 na tundu la lenzi la f/16, shata huwa karibu 1/100 ya sekunde. Ukilifungua tundu hadi 2.8 ili mkulima atengane na mandhari ya nyuma, shata inakimbilia 1/3200. Video ya picha 25 kwa sekunde inataka 1/50, la sivyo matone yanayodondoka kwenye miche huonekana kama shanga zilizokatika uzi. Kutoka 1/3200 hadi 1/50 ni mara 64 kamili.

Kuna na kile cha kuzungusha, kinachobadili giza kwa kidole. Ndani yake mna vioo viwili, kila kimoja kikipitisha mwanga unaotetema kwa mwelekeo mmoja tu. Kwa harusi na mikutano kinasaidia, ingawa kwenye lenzi pana hutia alama ya msalaba mweusi. Kwenye majaruba sikitaki: ukikizungusha, taswira ya mawingu majini huja na kupotea, kwa kuwa hicho, hata kisipobagua rangi, kinabagua mwelekeo.

Ahero kwa Kijaluo ni sentensi nzima, maana yake napenda. Nami nakipenda kioo hiki kiasi cha kutotaka kukiacha bila jina. Kwenye kifuniko cha kijaluba chake nimebandika karatasi: KIZIMUAMWANGA, MIKUNJO 6. Nawaomba mnaouza kamera Kisumu na mnaofundisha upigaji picha mwandike hivyohivyo. Aliye na neno bora na alilete.