Kanari wa Mgodini

Januari 1896, mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, kusini mwa Wales, ulilipuka ukaua watu 57. John Scott Haldane, daktari Mskoti aliyebobea katika elimu ya upumuaji, alikwenda kuchunguza maiti. Wengi hawakuwa na jeraha la kuwaua. Ngozi zao zilikuwa na wekundu wa waridi, mithili ya watu wenye afya tele, na wekundu huo ndio uliomfichua muuaji: kaboni monoksaidi, gesi inayosambaa mgodini baada ya mlipuko.

Haina rangi wala harufu. Huishika himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu anaendelea kuvuta pumzi huku mwili wake ukinyimwa uhai. Ndiyo hiyohiyo inayoua familia zetu zinapolala na jiko la mkaa ndani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi.

Haldane alipendekeza wachimbaji washuke na viumbe wadogo, panya au ndege. Aliyefaa zaidi ni kanari, ndege wa manjano wa jamii ya chiriku. Moyo wake hupiga mbio, na mifuko ya hewa iliyomo mwilini humwezesha kupata oksijeni anapovuta hewa na hata anapoitoa. Sumu nayo humwingia kwa kasi hiyo. Dalili zake huonekana wazi: ananyamaza, anayumba, anaanguka kutoka kwenye kijiti chake. Hapo watu walijua kwamba wamebakiwa na dakika chache za kutoka.

Kuanzia 1911 kanari walikuwa sehemu ya kazi katika migodi ya Uingereza, hasa kwa vikosi vya uokoaji. Kilichonigusa zaidi katika historia hii ni kizimba kimoja walichotengenezewa. Mlango wake ulikuwa wa duara, wenye wavu, na juu yake palikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni uliotumika pia kama mpini. Ndege akianguka, mlango ulifungwa, koki ikafunguliwa, naye akazinduka. Wachimbaji waliwapigia mbinja na kuwabembeleza kazini. Serikali ilipotangaza mwishoni mwa 1986 kwamba ndege zaidi ya 200 waliobaki watapisha vipimo vya kielektroniki, wengi walihuzunika.

Leo Waingereza na Wamarekani humtaja kanari wa mgodini kila penye dalili ya mapema ya hatari: vyura wakitoweka, benki ndogo ikifilisika. Maana hiyo ni sahihi lakini imepunguka, kwa sababu kanari hakuwa kengele. Alikuwa kiumbe aliyeumia kwanza, na waliomtegemea walimpa oksijeni.

Mwanasheria Felix Cohen aliitumia picha hii kwa uzito wake wote mwaka 1953, Marekani ilipokuwa ikipitisha sera ya kuacha kuyatambua makabila ya wenyeji wake wa asili. Aliwafananisha na kanari: wakidhulumiwa wao, hewa ya siasa ya nchi nzima imeanza kuingia sumu. Cohen alifariki mwaka huohuo akiwa na miaka 46. Kitabu chake kikubwa cha sheria zinazowahusu wenyeji hao, kilichotoka 1941, bado kinahuishwa na kutumiwa mahakamani kutetea haki zao.