Masika na Msafiri

Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walishika njia ya pwani baada ya mavuno, wakarudi kwao kabla ya kulima. Burton na Speke nao waliondoka Kaole Juni 1857, masika yamekwisha. Stanley hakungoja: alitoka Bagamoyo Machi 1871, na mbuga ya Makata, isiyo mbali na Kilosa, ikawa kwake bahari ya tope, punda wakafa, watu wakaugua. Huko huko Kilosa mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaling'oa reli, tena masika yenyewe hayajafika! Nami nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mazoezi ya kufundisha yakipangwa Aprili niliandika kuomba Julai. Mara nyingine jibu lilifika wanachuo wamekwisha kukwama njiani.