Mpokeaji wa futiboli ya Marekani: njia ya kutoka chuo hadi NFL

Mpokeaji ni mchezaji wa futiboli ya Marekani ambaye kazi yake ni kukimbia njia iliyopangwa kabla ya mchezo kuanza, kumponyoka mlinzi wake, na kudaka mpira uliorushwa na kwotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi. Kila mwaka mamia ya wapokeaji humaliza vyuo vya Marekani wakiwa na hamu ya kuingia NFL, ligi ya kulipwa yenye timu 32. Wengi wao hawaingii. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la kuzingatia tangu mwanzo: watu wa asili yetu waliofika katika ligi hiyo na kujulikana waliingia kwa kazi ya ulinzi, ambako ukubwa wa mwili huthaminiwa kuliko ustadi wa kudaka.

Chuo kama lango

Tuanze na mfano wa nyumbani: kule Nkoma, mjini Mbale, ndiko iliko kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988. Wanafunzi wake hucheza soka dhidi ya vyuo vingine, lakini kijana wa Mbale anayeitaka Ligi Kuu ya Uganda halazimiki kupitia darasa la chuo. Anaweza kupitia klabu ya mtaani, akademi au sekondari. Huko Jinja, timu ya shule ya Kirinya-Jinja ilipanda yenyewe hadi Ligi Kuu, na baadaye ikapewa jina la Busoga United.

Marekani mambo ni tofauti. Kanuni ya NFL inamtaka mchezaji awe ametimiza angalau miaka 3 tangu alipomaliza shule ya sekondari, na miaka hiyo karibu wote huimalizia chuoni. Kwa hiyo ligi ya kulipwa haina haja ya kulea vijana, vyuo huwalea kwa niaba yake. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watazamaji zaidi ya 107,000, na mechi za wanafunzi huonyeshwa kwenye televisheni nchi nzima. Kwa muda mrefu mchezaji wa chuo alilipwa ufadhili wa masomo tu. Tangu Julai 2021 ameruhusiwa kujipatia fedha kwa kutumia jina na sura yake, na tangu 2025 chuo chenyewe kinaweza kumlipa. Badiliko hilo limewafanya baadhi ya wapokeaji wakae chuoni hadi mwaka wa mwisho badala ya kukimbilia NFL mapema.

Hesabu ya nafasi

Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kimekuwa kikieleza kwamba kati ya wachezaji wa chuo wanaofikia hatua ya kuchaguliwa, wanaoingia NFL ni takriban asilimia 1.6. Uteuzi, yaani timu kuwaita wachezaji kwa zamu, hufanyika mwezi Aprili kwa raundi 7, na jumla ya wanaoitwa ni kama 255 hadi 260. Wapokeaji kati yao huwa takriban 30. Wasioitwa wanaweza kusaini na timu yoyote itakayowataka, kwa mkataba usio na dhamana kubwa.

Kuitwa si kuajiriwa. Timu huingia kambi ya kiangazi na wachezaji 90, kisha mwishoni mwa Agosti hupunguza hadi 53. Katika hao 53, wapokeaji ni 5 au 6. Wengine wachache hubakizwa katika kikosi cha mazoezi, ambako mtu hulipwa, hufanya mazoezi yote ya wiki, na siku ya mechi hukaa pembeni. Mpokeaji wa tano na wa sita hawabakizwi kwa sababu ya kudaka peke yake. Lazima wajue kukimbilia mipira ya mateke, kuirudisha, na kuwaangusha wapinzani wanaoirudisha. Vijana wengi waliokuwa mashujaa chuoni huondoka kwa sababu hawakuwahi kuifanya kazi hiyo.

Darasa la mwaka 2006

Anayetaka kuelewa jinsi uteuzi unavyowatendea wapokeaji atafaidika kuuangalia mwaka 2006, ambao pia unaigusa Uganda moja kwa moja.

Tarehe 29 Aprili 2006, New York Giants walikuwa na haki ya kumwita mtu wa 25. Pittsburgh Steelers walimtaka Santonio Holmes, mpokeaji wa Chuo Kikuu cha Ohio State, wakaogopa kupokonywa. Wakawapa Giants nafasi yao ya 32 pamoja na nafasi nyingine mbili za chini, nao wakapewa ile ya 25. Holmes akawa mpokeaji pekee aliyeitwa katika raundi ya kwanza mwaka huo. Giants walipofika nafasi ya 32 walimwita Mathias Kiwanuka wa Boston College.

Kiwanuka alizaliwa Indianapolis mwaka 1983. Ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, ambaye alikuwa Jaji Mkuu alipokamatwa katika Mahakama Kuu mjini Kampala mnamo Septemba 1972 na kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Mjukuu huyo alicheza ukingoni mwa safu ya ulinzi, mahali ambapo kazi ni kumvamia kwotabeki kabla hajarusha. Akiwa Boston College alimwangusha kwotabeki mara 37.5, rekodi ya chuo hicho (nusu huhesabiwa wachezaji wawili wanapomwangusha pamoja).

Kwa hiyo mpokeaji na mlinzi walibadilishana nafasi katika biashara moja, na biashara hiyo ilizilipa timu zote mbili. Tarehe 1 Februari 2009, Holmes alidaka mpira katika kona ya uwanja wa Tampa zikiwa zimebaki sekunde 35, vidole vya miguu yote miwili vikigusa nyasi kabla mwili haujaanguka nje. Steelers waliwashinda Arizona Cardinals 27–23, na Holmes akachaguliwa mchezaji bora wa Super Bowl hiyo, yaani fainali ya NFL. Kiwanuka alipata pete mbili za ubingwa akiwa na Giants. Ya kwanza aliipata akiwa majeruhi, kwa kuwa alivunjika mguu Novemba 2007. Ya pili ilikuja Februari 2012, Indianapolis, mji aliozaliwa, walipowafunga New England Patriots 21–17.

Lakini darasa la 2006 linafundisha zaidi kwa wale walioitwa baada ya Holmes. Chad Jackson wa Florida aliitwa wa 36, na Patriots waliomwita walimwacha mapema. Sinorice Moss wa Miami, aliyeitwa na Giants wa 44, hakuwahi kuwa nguzo ya timu. Brandon Marshall alisubiri hadi nafasi ya 119, na alipostaafu alikuwa amedaka mipira 970. Marques Colston kutoka Hofstra, chuo kidogo ambacho leo hakina tena timu ya futiboli, aliitwa wa 252 kati ya 255. Akadaka mipira 711 akiwa na New Orleans Saints na kutwaa Super Bowl nao. Miles Austin wa Monmouth hakuitwa kabisa. Mwaka 2009, akiwa na Dallas Cowboys, alikimbia na kudaka hadi yadi 1,320. Wataalamu waliowapima vijana hawa kwa miezi mingi walikosea kwa pande zote mbili, na sababu za makosa hayo zimo ndani ya mchezo wenyewe.

Kinachobadilika baada ya chuo

Chuoni mdako ni halali mguu mmoja ukigusa ndani ya mstari. NFL inataka miguu miwili. Badiliko hilo linaonekana dogo hadi mtu atazame mdako wa Holmes pale Tampa, au aukumbuke mchezo wa Amani Toomer, mpokeaji wa Giants kati ya 1996 na 2008. Jina lake kamili ni Amani Askari Toomer. Alizaliwa mwaka 1974, wakati ambapo familia nyingi za Wamarekani weusi ziliwapa watoto wao majina ya Kiswahili. Alitoka Michigan akaitwa wa 34, na miaka yake mitatu ya kwanza alitumika hasa kurudisha mipira ya mateke. Ni msimu wa nne, 1999, ndipo alipovuka yadi 1,000. Alipoondoka alikuwa ameshika rekodi za Giants za midako 668 na yadi 9,497, na sifa yake kubwa ilikuwa kuteka mpira pembezoni huku vidole vya miguu vikiburura ndani ya mstari. Ninamtaja kwa sababu siku hizi timu chache zingemvumilia mpokeaji kwa misimu mitatu.

Badiliko la pili ni mahali mpira unapoanzia. Mistari ya katikati ya uwanja wa chuo imeachana mita 12.2, ya NFL mita 5.6 tu. Chuoni mchezo huanzia mara nyingi karibu na pembeni, hivyo upande wa pili unabaki uwanda mpana ambamo mtu mwenye mbio hukimbia bila kuzibwa. NFL uwanda huo haupo. Na walinzi wanaomsubiri ndio bora kutoka kila chuo. Katika yadi 5 za kwanza wanaruhusiwa kumsukuma kwa mikono. Mpokeaji asiyejua kujinasua hapo hafiki mahali kwotabeki anapotupa. Mpira huondoka mkononi kabla mpokeaji hajageuka. Akichelewa hatua moja, unadakwa na mpinzani.

Ajabu ni kwamba kipimo kinachotangazwa kuliko vyote hakigusi lolote kati ya hayo. Kila mwaka vijana hupimwa Indianapolis mbio za yadi 40, yaani mita 36.6, bila mlinzi na bila mpira. John Ross alikimbia kwa sekunde 4.22 mwaka 2017, rekodi wakati ule, akaitwa wa 9, lakini hakufikisha yadi 1,000 katika msimu wowote. Xavier Worthy aliivunja rekodi hiyo mwaka 2024 kwa sekunde 4.21 na akaitwa wa 28. Puka Nacua hakuwa miongoni mwa wenye mbio. Aliitwa wa 177 mwaka 2023, na msimu wake wa kwanza akapata yadi 1,486, nyingi kuliko mgeni yeyote wa ligi kabla yake.

Victor Cruz ni mfano mwingine wa aina hiyo. Alicheza Chuo Kikuu cha Massachusetts, nje ya daraja la juu la vyuo, na mwaka 2010 hakuna timu iliyomwita. Giants walimchukua bila kumlipia chochote kikubwa. Mwaka 2011 alipata yadi 1,536, akaivunja rekodi ya Toomer ya msimu mmoja, na katika Super Bowl ile ya Indianapolis ndiye aliyefunga tachidauni ya kwanza ya Giants, yaani alifikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani. Oktoba 2014 goti lake liliumia vibaya, na tangu hapo hakurudi kuwa yule wa mwanzo.

Wasiopita chuoni

Mkenya Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, aliingia NFL mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli ya Marekani. Alikuwa mchezaji wa raga aliyepitia Afrika Kusini na New Zealand, na Indianapolis Colts walimweka kwenye ulinzi. Alicheza mechi chache, akaachwa mwaka 2015. Tanoh Kpassagnon, mwenye asili ya Uganda kwa upande wa mama, alipitia chuo cha Villanova, akaitwa wa 59 mwaka 2017 na kutwaa Super Bowl akiwa na Kansas City Chiefs. Naye ni wa safu ya ulinzi. Tangu 2017 NFL ina mpango wa kuwaingiza wachezaji wa nje, na mafanikio yake makubwa ni Jordan Mailata wa Australia, mtu mkubwa anayemkinga kwotabeki.

Kwa wapokeaji rekodi ya njia hiyo ni finyu. Mjerumani Moritz Böhringer aliitwa na Minnesota Vikings wa 180 mwaka 2016 moja kwa moja kutoka klabu ya kwao, jambo ambalo hakuna mchezaji wa Ulaya aliyewahi kulifanya kabla yake, lakini hakucheza hata mechi moja ya msimu wa kawaida. Louis Rees-Zammit, winga wa raga wa Wales mwenye mbio za kutisha, alijaribu mwaka 2024 na mwaka uliofuata akarudi kwenye raga. Mtu mkubwa anaweza kufundishwa kumzuia mwenzake kwa misimu miwili. Kusoma ulinzi ukiwa mbioni, na kugeuka kwa wakati uleule ambao kwotabeki anauwaza, ni ujuzi ambao Wamarekani huanza kuupata wakiwa watoto. Winga hodari wa klabu ya raga ya Jinja Hippos ana miguu na mikono inayofaa. Anachokosa ni miaka kumi ya njia za kupokea.

Milango mingine

Aliyeachwa na NFL anaweza kwenda Kanada, ambako ligi ya CFL ina timu 9, uwanja mrefu na mpana zaidi, wachezaji 12 kila upande na majaribio 3 ya kusogeza mpira badala ya 4. Kanuni hizo hulazimisha kurusha mara nyingi, hivyo wapokeaji wanahitajika zaidi. CFL pia hutenga nafasi kwa wachezaji kutoka nje ya Kanada na Marekani. Ndani ya Marekani ligi ya UFL, iliyoanza mwaka 2024, huchezwa majira ya kuchipua, na timu za NFL huichungulia.

Kwa Afrika Mashariki mlango ulio karibu zaidi ni futiboli ya bendera, ambayo haina kuangushana: mlinzi humsimamisha mwenye mpira kwa kumvua kitambaa kiunoni. Itachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, watu 5 kila upande, wanaume na wanawake. NFL iliendesha kambi ya kusaka vipaji jijini Nairobi mwaka 2023. Katika mchezo huo wa watu watano hakuna safu ya majitu. Karibu kila mchezaji ni mpokeaji, na vifaa vinavyohitajika ni mpira, mikanda na kiwanja kama vile vilivyoko tayari Mbale na Jinja.