Mumarekani na mutu wa Ulaya: kila mumoja anaonaje kazi na maisha ya mwenzake

Wamarekani wengi wanafikiri mutu wa Ulaya anapumuzika sana, analipwa kidogo na anaishi katika nyumba ndogo. Watu wengi wa Ulaya nao wanafikiri Mumarekani anatumika sawa punda, na siku akigonjwa feza yote inaishia hospitali. Mabishano hayo ni ya zamani na hayajaisha.

Hata huku kwetu yanatugusa. Katika familia nyingi za Bukavu, Uvira, Goma ao Lubumbashi, kuna ndugu mumoja Bruxelles, Liège ao Paris, na mwingine Kentucky, Texas ao Iowa. Katika miaka ya kufika 2024, Congo ilikuwa kati ya inchi zenye kutoa wakimbizi wengi zaidi wenye kupokelewa Marekani. Wote wawili wanapiga simu nyumbani. Mumoja anataja dola anazopata kwa saa, mwingine anasema iko konje mwezi muzima. Familia inalinganisha na mara nyingi inakosea, juu hao wawili hawahesabu kitu kimoja.

Saa za kazi na konje

Marekani iko na sheria kubwa ya kazi tangu mwaka 1938. Sheria hiyo ndiyo ilileta juma la saa 40: kwa wafanyakazi wengi, mwenye kupita saa hizo anapaswa kulipwa mara moja na nusu kwa kila saa ya kuongeza. Lakini mupaka leo hakuna sheria ya taifa inayolazimisha patroni atoe konje ya kulipwa, hata siku moja. Ni mapatano kati ya patroni na mufanyakazi. Wengi wanapewa siku kama 10 baada ya mwaka wa kwanza, na mwenye kazi ya chini anaweza kukosa kabisa.

Kwa mama mwenye kuzaa ni vile vile. Sheria ya mwaka 1993 inamulindia kazi yake kwa majuma 12, lakini bila mushahara, na haihusu kampuni ndogo zenye wafanyakazi chini ya 50. Majimbo fulani, kama California, yametunga sheria yao yenye kulipa.

Ulaya ilifuata njia ingine. Mwaka 1936, Ufaransa ilipatwa na migomo mikubwa, wafanyakazi wakalala ndani ya viwanda. Serikali ya Léon Blum ikapitisha majuma mawili ya konje ya kulipwa. Mwaka 1982 yalifika majuma matano. Ubelgiji pia ilikuwa na migomo mwaka ule wa 1936, na ilianza na siku sita tu. Leo sheria ya Umoja wa Ulaya inadai angalau majuma manne kwa kila mufanyakazi katika inchi zote za umoja huo, na majuma 14 kwa mama mwenye kuzaa.

Matokeo yanaonekana kwenye hesabu za shirika la OECD. Kwa mwaka mumoja, Mumarekani mwenye kazi anatumika saa kama 1,800, Mufaransa saa kama 1,500, na Mujerumani chini ya 1,400. Lakini hesabu ya Ujerumani inashushwa na watu wengi, zaidi wanawake, wenye kutumika nusu siku. Haina maana kwamba kila Mujerumani anaenda nyumbani saa sita.

Kuna jambo wengi hawajui: karibu na mwaka 1970, Wafaransa na Wajerumani walikuwa wanatumika saa nyingi sawa Wamarekani, ao hata kupita. Kwa hiyo kusema "hao ni wavivu, wale ni wenye bidii" hakusaidii kuelewa. Kuna kitu kilibadilika, na wenye elimu ya uchumi wanabishana juu yake. Edward Prescott, Mumarekani mwenye zawadi ya Nobel, aliandika mwaka 2004 kwamba kodi kubwa za Ulaya zinavunja watu moyo wa kuongeza saa. Mwaka uliofuata Alberto Alesina na wenzake walijibu kwamba nguvu ya sendika na sheria za kazi ndivyo vilipunguza saa. Olivier Blanchard, Mufaransa, alisema watu wa Ulaya, walipoanza kutoa kazi nyingi zaidi kwa saa moja, walichukua sehemu ya faida hiyo katika mapumuziko, Wamarekani wakaichukua katika feza.

Barua ya mwaka 2013

Namna pande mbili zinavyoonana ilitokea waziwazi kule Amiens, kaskazini mwa Ufaransa, kwenye kiwanda cha magurudumu cha Goodyear. Kampuni ilitaka kukiacha, na Maurice Taylor, mukubwa wa kampuni Titan ya Marekani, alikuwa amefikiria kukinunua. Mwezi wa pili 2013, magazeti yalitoa barua yake kwa waziri Arnaud Montebourg. Aliandika kwamba alitembelea kiwanda mara kadhaa, na kwamba wafanyakazi wanalipwa vizuri lakini wanatumika saa tatu tu: saa moja ni ya chakula na kupumuzika, saa tatu za kuongea. Akasema ni afazali anunue kiwanda China ao India, alipe chini ya euro moja kwa saa, kisha alete magurudumu kuyauzisha Ufaransa.

Waziri alijibu kwa barua pia. Alisema maneno hayo ni matusi ya mutu asiyejua Ufaransa, akamukumbusha kwamba kampuni nyingi za Marekani zimefungua kazi inchini humo, na kwamba Titan ni ndogo mara 20 kuliko Michelin ya Ufaransa. Sendika CGT nayo ilikuwa inasema kampuni yenyewe ndiyo ilipunguza kazi ya kiwanda kile. Mwanzoni mwa 2014 kiwanda kilifungwa, watu zaidi ya 1,100 wakapoteza kazi.

Wamarekani wengi waliosoma barua ile walisema: hatimaye kuna mutu amesema ukweli. Wafaransa wengi walisema: huyu anataka turudi kwenye utumwa. Lakini hesabu za wakati ule zilionyesha kitu kingine: ukichukua saa moja ya kazi, Mufaransa ao Mujerumani alikuwa anatoa thamani iliyo karibu na ya Mumarekani. Tofauti kubwa ilikuwa katika wingi wa saa.

Kampuni ya Ulaya inapofika Marekani

Wengine wanafikiri patroni wa Ulaya iko na roho nzuri kila fasi. Danville, katika jimbo la Virginia, ilionyesha vingine. IKEA, kampuni yenye asili ya Sweden, ilikuwa na kiwanda cha meza na makabati mule. Mwaka 2011, gazeti Los Angeles Times liliandika kwamba mufanyakazi wa Danville alikuwa anaanza na dola 8 kwa saa na siku 12 za konje. Sweden, kwa kazi ya namna ileile, malipo ya chini yalikuwa kama dola 19 kwa saa na majuma matano ya konje.

Kampuni ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni sheria na nguvu ya sendika. Mwaka ule wafanyakazi wa Danville walipiga kura wakakubali kuingia sendika. Mwaka 2019 kiwanda kikafungwa. IKEA ilieleza kwamba bei ya mbao na vitu vingine vya kutumia ilikuwa kubwa Marekani, ikapeleka kazi hiyo Ulaya. Kwa hiyo si kila mara mushahara wa chini ndio unaokoa kiwanda.

Mushahara mukubwa, na vile unavyotoka

Juu ya feza, Mumarekani iko na haki ya kujisifu. Ukigawanya utajiri ambao inchi inatoa kwa mwaka juu ya kila mukaaji, mwaka 2023 Marekani ilipita dola 80,000, Ujerumani ilipita kidogo 50,000, Ufaransa ilikuwa kama 45,000. Ukipima kulingana na bei za vitu sokoni, tofauti inapunguka, lakini haiishi. Nyumba mpya ya familia Marekani kwa kawaida inapita metre carré 200, wakati nyumba ya kawaida ya Ujerumani iko kama 90. Karibu familia 9 kati ya 10 Marekani ziko na mashine ya kupoza hewa. Ulaya ni kama 1 kati ya 5. Wamarekani wanawacheka watu wa Ulaya juu ya jambo hilo, na si la kucheka tu: joto kali la mwaka 2003 liliua watu zaidi ya 70,000 Ulaya.

Lakini katikati ya wastani kuna watu. Mushahara wa chini wa taifa Marekani ni dola 7.25 kwa saa, na haujapanda tangu 2009, hata kama majimbo na miji mingi imeweka wa juu zaidi. Kwa mwenye kupeleka chakula kwenye meza za restora, sheria ya taifa inaruhusu patroni alipe dola 2.13 tu, tangu 1991, ikiwa feza ambayo wakiliya wanaacha inajaza pengo. Mutu wa Ulaya akisikia hivyo anashangaa. Ujerumani iliweka mushahara wake wa chini mwaka 2015, na ulifika euro 12 kwa saa mwishoni mwa 2022.

Kisha kuna kodi. Ubelgiji inajulikana kwa jambo hilo: kwa mufanyakazi wa kati asiye na bibi wala watoto, zaidi ya nusu ya feza yote ambayo patroni anatoa juu yake inaenda kwa serikali na mifuko ya jamii. Marekani ni kama sehemu 30 kwa mia. Mumarekani akiona hivyo anauliza: huyu mutu anatumikia nani?

Jibu la Mubelgiji ni mutuelle, masomo ya watoto na pansioni. Ujerumani ilianza bima ya magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1883. Marekani ilingojea 1965 kwa wazee na masikini, na sheria ya 2010 iliongeza wengine wengi. Hata hivyo, mwaka 2022 Wamarekani kama milioni 26 walikuwa bila bima yoyote. Na mwenye bima kutoka kwa patroni anaweza kuipoteza akipoteza kazi. Marekani inatumia kwa afya sehemu kama 17 kwa mia ya utajiri wake, Ufaransa na Ujerumani kama 12. Lakini mwaka 2023 Mufaransa alikuwa anaishi kwa wastani karibu miaka 83, Mumarekani kama 78.

Kufukuzwa na kukosa kuingia

Katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Montana, kanuni ya kawaida ni kwamba patroni anaweza kumufukuza mutu bila kueleza sababu, mradi asivunje sheria ya ubaguzi ao mukataba. Katika inchi nyingi za Ulaya anapaswa kutoa sababu, kuonya mapema, na mara nyingi kulipa.

Mumarekani anajibu kwa swali moja gumu: ulinzi wa kazi unamusaidia nini kijana ambaye hajaingia kazini? Mwaka 2023, Marekani ilikuwa na wasio na kazi chini ya 4 kwa mia. Ufaransa walikuwa kama 7, Hispania kama 12, na kati ya vijana wa Hispania zaidi ya robo. Swali hilo linasumbua hata watu wa Ulaya wenyewe.

Kila upande umeanza kujiuliza

Mwezi wa tisa 2024, Mario Draghi, zamani mukubwa wa Benki Kuu ya Ulaya, alitoa ripoti yenye kuonya kwamba Ulaya inaachwa nyuma na Marekani, zaidi katika teknolojia, na kwamba bila kutoa kazi yenye thamani zaidi kwa saa haitaweza kuendelea kulipia maisha yake ya sasa. Mwaka uleule, mwezi wa ine, wafanyakazi wa Volkswagen kule Chattanooga, jimbo la Tennessee, walipiga kura ya kuingia sendika, baada ya kukataa mwaka 2014 na 2019. Ulaya inatafuta faida ya Marekani, na wafanyakazi fulani wa Marekani wanatafuta ulinzi wa Ulaya.

Kwa familia ya hapa inayopokea simu kutoka pande zote mbili, ao yenye kufikiri mutoto aende wapi, hesabu ya dola kwa saa haitoshi. Ni vizuri kuuliza: loyer inachukua ngapi? Bima ni ya nani, na ukifukuzwa inabaki? Ni lazima kuwa na gari ndiyo ufike kazini? Shule na kuchunga watoto ni bei gani? Ukigonjwa juma moja, unalipwa? Mwenye kupata dola 17 kwa saa Iowa anaweza kubakia na kidogo kuliko yule wa Liège, na anaweza pia kumupita mbali. Inategemea majibu ya maswali hayo. Na ndugu anayesema mwezi huu hana kitu, hata kama mushahara wake unaonekana mukubwa, mara nyingi hasemi uongo.