Kisa Kabla ya Ramani: Usanifu wa Kimaudhui kutoka Anaheim hadi Harambe

Usanifu wa kimaudhui ni tawi la usanifu wa majengo ambamo hoteli, mkahawa au bustani ya burudani hubuniwa kwa kufuata kisa kimoja, kiasi kwamba kuta, taa, mavazi ya wahudumu na hata maandishi ya mlangoni huwa sehemu za masimulizi hayo. Katika usanifu wa kawaida msanifu huanza na matumizi ya jengo, ukubwa wa kiwanja na uwezo wa mwenye mali, ilhali katika tawi hili kisa ndicho hutangulia na ramani hufuata. Majengo ya kuigiza nchi za mbali yalikuwako mapema, kama yanavyoshuhudia majumba ya sinema aliyoyafungua Sid Grauman mjini Hollywood, moja kwa sura ya Misri mwaka 1922 na jingine kwa sura ya China mwaka 1927, lakini ni baada ya Vita Kuu ya Pili ambapo kazi hii ilipata kampuni zake maalumu.

Mwezi Desemba 1952 Walt Disney alianzisha kampuni ya WED Enterprises, iliyopewa herufi za mwanzo za majina yake na ambayo tangu mwaka 1986 huitwa Walt Disney Imagineering. Wengi wa watu wake wa kwanza walitoka katika studio za filamu, ambako walikuwa wachoraji na wabunifu wa mandhari za kuigizia, na asili hiyo iliacha alama katika kazi yote iliyofuata. Septemba 1953 mchoraji Herb Ryman alichora, katika muda wa siku mbili, picha kubwa ya Disneyland kama ingeonekana kutoka angani, na Roy Disney, kaka yake Walt, akaichukua kwenda New York kuombea mradi fedha wakati ambapo ramani za ujenzi zilikuwa hazijakamilika. Bustani hiyo ilipofunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, ilionyesha mbinu za sinema zikiwa zimegeuzwa matofali na mbao: ghorofa za juu za maduka ya barabara kuu zilijengwa kwa vipimo vidogo kuliko za chini, na mawe ya kasri yalipunguzwa ukubwa kadiri ukuta ulivyopanda, ili jengo lenye kimo cha takriban mita 23 lionekane refu zaidi ya lilivyo.

Mkondo wa pili wa historia hii ulianzia Honolulu, Hawaii, ambako George Wimberly na Howard Cook walifungua ofisi yao mwaka 1945 kwa kazi ya kukarabati hoteli ya Royal Hawaiian, iliyokuwa imetumiwa na jeshi la majini la Marekani wakati wa vita kama mahali pa kupumzishia askari. Ofisi hiyo, iliyokuja kujulikana kama Wimberly Allison Tong & Goo, ilibobea katika hoteli za mapumziko, na kazi yake iliyovuma zaidi barani Afrika ni Palace of the Lost City, iliyofunguliwa mwaka 1992 huko Sun City kwa ajili ya mwekezaji Sol Kerzner. Hoteli hiyo ilijengwa juu ya kisa cha kubuni kuhusu kasri la ustaarabu uliopotea na tetemeko la ardhi lililouangamiza, hata daraja moja likatengenezwa litikisike kwa mitambo mbele ya wageni. Sun City yenyewe ilikuwa Bophuthatswana, mojawapo ya maeneo yaliyotengwa na utawala wa ubaguzi wa rangi kwa ajili ya Waafrika, na ilistawi kwa sababu kamari iliyopigwa marufuku Afrika Kusini iliruhusiwa huko. Kwa hiyo historia ya watu wasiowahi kuwako ilisimikwa juu ya ardhi ambayo historia yake halisi, ya watu kutengwa kwa nguvu ya sheria, ilikuwa bado haijafika mwisho.

Zamu ya mwambao wa Waswahili ilifika tarehe 22 Aprili 1998, ilipofunguliwa bustani ya Disney's Animal Kingdom katika jimbo la Florida, chini ya uongozi wa mbunifu Joe Rohde. Kitovu cha sehemu yake ya Afrika ni Harambe, mji wa bandari wa kubuni ambao sura yake ilichukuliwa kwa kiasi kikubwa kutoka Lamu. Wabunifu waliuandikia mji huo historia kamili, ukiwamo uhuru wa mwaka 1961 unaotajwa katika maandishi yake, kisha wakaanza kuuzeesha: plasta ilibanduliwa makusudi ili mawe ya ndani yaonekane, rangi ikafifishwa kana kwamba imepigwa na jua la miaka mingi, na alama za kwato na matairi ya baiskeli zikakandamizwa kwenye sakafu ya njia ikiwa mbichi. Mafundi wa Kizulu waliletwa kutoka Afrika Kusini kuezeka kwa nyasi, nao waliifanya kazi hiyo kwa ustadi wa kweli, ingawa nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na dari bapa za chokaa, na zilipoongezewa paa juu yake ziliezekwa kwa makuti ya mnazi.

Tofauti iliyo kubwa zaidi imo katika sababu za maumbo. Chumba cha nyumba ya Lamu ni chembamba, aghalabu kisichozidi mita tatu kwa upana, kwa kuwa dari yake hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliompangia mwashi mwisho wa chumba. Ukuta mnene wa matumbawe na chokaa huzuia joto la mchana, na vichochoro vyembamba humpa mpita njia kivuli. Daka, yaani kibaraza chenye paa mbele ya mlango, humwezesha mwenye nyumba kumkaribisha mgeni na kuzungumza naye bila kuvunja faragha ya jamaa zake, na zidaka za ndani, ambazo ni vishubaka vilivyochongwa katika plasta, zilipangwa vyombo vya kaure vilivyoonyesha uwezo wa nyumba. Ndiyo maana Lamu, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ilithaminiwa pia kama mji ambao bado unakaliwa na kutumika. Harambe iliyachukua maumbo hayo pasipo sababu zake, kwani nyuma ya kuta zake kuna maduka na majiko ya mikahawa yenye viyoyozi, na wageni hupita kwa maelfu badala ya kuketi barazani na majirani.

Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na mwashi wa Lamu huishi kwa onyo hilo, kwa sababu maji yakipenya chokaa boriti huoza na dari hushuka. Katika usanifu wa kimaudhui ufa umo katika ramani, na fundi hulipwa kuutunza usizibike. Jambo hili halihusu Florida peke yake, kwa maana hoteli nyingi za mwambao wa Kenya na Zanzibar nazo hupambwa kwa milango ya nakshi, zidaka na makuti ili kumuuzia mgeni sura ya pwani ndani ya pwani yenyewe. Sura hiyo inaweza kuigwa kwa heshima, iwapo anayeiga ataanza kwa kuuliza kila sehemu ilikuwa ikifanya kazi gani: hoteli iliyojenga ukuta mnene ili vyumba vipoe bila viyoyozi imejifunza kutoka Lamu, na iliyobandika nakshi juu ya matofali membamba imeazima picha yake tu.