Usanifishaji wa Kimyakimya: Usahihishaji Otomatiki na Maandishi ya Nachingwea na Ruangwa

Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilipewa jukumu la kusanifisha Kiswahili cha Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Maamuzi yake hayakuwaridhisha wote, lakini yalifahamika na yaliweza kujadiliwa. Miongo sita baadaye, usanifishaji wa aina nyingine ulianza kuingia maofisini bila kikao wala mjadala. Toleo la 6 la programu ya Microsoft Word, la mwaka 1993, lilileta usahihishaji otomatiki: neno hubadilishwa mwandishi akingali anaandika. Kanuni zake za awali zilitungwa kwa kukitazama Kiingereza.

Mwaka 1995 Wilaya ya Ruangwa ilimegwa kutoka Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi. Tuchukue sentensi ambayo karani wa wilaya yoyote kati ya hizo angeweza kuiandika: “Barabara ya Nachingwea hadi Ruangwa i wazi.” Katika mpangilio wa Kiingereza, kiambishi “i” cha ngeli ya I-ZI hugeuzwa kuwa “I”, kwa kuwa programu hukidhania kuwa kiwakilishi cha nafsi ya kwanza. Akiandika “taz. ramani”, hupata “taz. Ramani”, kwani nukta ya kifupisho huchukuliwa kuwa mwisho wa sentensi. Majina ya Naipanga, Mbekenyera na Namichiga, yasiyomo katika kamusi ya programu, hupigiwa mstari mwekundu kana kwamba wenyeji wamekosea kuviita vijiji vyao.

Mashine ya chapa haikuwa na uwezo huo. Kosa la karatasini lilikuwa la mpigachapa mwenyewe. Kwa kompyuta, mtafiti wa kesho atakayesoma nyaraka hizo anaweza kulihesabu kosa la programu kuwa mabadiliko ya lugha.

Dawa haikukosekana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Katika Word nayo, mwandishi anaweza kuichagua lugha ya matini, kuzima kanuni isiyofaa, kuingiza “taz.” katika orodha ya vighairi, na kuongeza majina ya mahali katika kamusi yake.

Kwa hiyo mipangilio hiyo si suala la mafundi peke yao. Ni sehemu ya historia ya tahajia ya Kiswahili, na mwenye lugha hana budi kuisimamia.