Mlenda wa Kiangazi

Ukisikia neno njaa, bila shaka akili yako inakimbilia kiangazi: ardhi imepasuka, ng'ombe wamekonda, vumbi tupu. Kwetu Mgori, mashariki ya mji wa Singida, mambo ni kinyume. Njaa ya Mgori ni ya kijani. Inaingia Januari na Februari, mvua ikiwa imekwisha shika, uwele umefika magotini, mbuzi wananenepa, na ghalani ukitia kibuyu uchote unga unasikia kikikwaruza chini. Chakula unakiona kwa macho shambani, lakini hakijaiva. Mtu anaamka usiku anahesabu: debe moja na nusu, watu wanane, wiki ngapi?

Historia ya hesabu hiyo ya usiku ndiyo ninayotaka kuijaribu hapa. Ya njaa yenyewe imekwisha andikwa na wengine. Mimi nauliza waliokuwa wakiamka usiku walifanya nini na wasiwasi wao kulipokucha. Jibu nililolipata, nikianza na bibi yangu mzaa baba, ni kwamba walipika. Na pale ambapo hapakuwa na cha kupika, walisimuliana mapishi.

Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Arimi, si watu wasioandikwa. Mmarekani Harold Schneider alikuwa Unyaturu mwaka 1959 na 1960, na kitabu chake juu ya uchumi wa Wanyaturu wa Wahi kikatoka 1970. Ni kitabu cha ng'ombe na nafaka: jinsi uwele wanaoulima wanawake unavyobadilishwa ukawa mifugo ya mwenye mji. Ni kitabu kizuri, sina ugomvi nacho. Lakini hesabu ya ng'ombe ni hesabu ya mchana. Mboga hazibadilishwi kuwa ng'ombe, kwa hiyo mwenye kutafuta utajiri huzipita kama anavyopita majani ya njiani. Na kweli ni majani ya njiani! Mlenda unajiotea tu, pembeni mwa shamba, kwenye mavi ya ng'ombe, popote mvua ilipogusa.

Sasa angalia jambo hili, maana mimi lilinichukua miaka kuliona. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Wakati wa mvua mboga ni tele na unga hakuna. Ikifika kiangazi, baada ya mavuno, unga upo na mboga hakuna hata jani. Kwa hiyo mlenda, majani ya kunde na ya maboga huchumwa Februari, katikati ya njaa, yakakaushwa ili yaliwe Agosti. Majani ya kunde huchemshwa kidogo kwanza, ndipo yaanikwe. Kanda yetu na upande wa magharibi wengi huita nsansa. Mlenda huanikwa hivyo hivyo, ukikauka unatwangwa, unachekechwa, unakuwa unga wa kijani unaokaa kibuyuni mwaka mzima.

Yaani mwanamke mwenye njaa ya unga anashinda juani akiweka akiba ya kitoweo cha ugali ambao hana. Anaamini kwamba Agosti utakuwepo. Nikimuuliza bibi kama aliamini kweli, anasema: "Kuamini nini? Mikono ilikuwa haitulii. Ukikaa bure unafikiri."

Basi hapo ndipo historia kubwa, ile ya serikali na vitabu, inapoingia jikoni bila kubisha hodi. Nyumba ya asili ya kwetu ni tembe, paa lake bapa la udongo juu ya miti. Juu ya paa hilo ndipo mboga zilipoanikwa, mbali na mbuzi na kuku, jua likizipiga tangu asubuhi. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ikifika mwisho wa 1976 kila mtu awe kijijini. Mwaka 1974 operesheni ilikuwa imepamba moto mikoani. Bibi alikuwa mama mchanga, ana mtoto mmoja mgongoni. Akizungumzia kuhama haanzi na siasa. Anaanza na paa. Walikofikia walijenga vibanda vya nyasi vya haraka, na paa la nyasi lenye mgongo haliwezi kuanikiwa kitu. Mboga za mwaka ule alizianika chini, juu ya ngozi, mbuzi wa jirani wakala nusu. "Tulihamishwa na mlenda ukabaki," anasema, na kucheka, ingawa naona si kicheko cha furaha.

Miaka ile ile mvua zilikuwa mbaya. Serikali iliagiza nafaka nje, ikahimiza Kilimo cha Kufa na Kupona, na yakaja mahindi ya njano kutoka Marekani. Watu wakayabandika jina la Yanga, kwa sababu ya rangi ya jezi. Wapenzi wa Simba nao waliyala, wangefanyaje? Wanawake waliokulia ugali wa uwele, mweusi mweusi na mzito, walijikuta na unga wa rangi ya kiini cha yai usiofahamika unakolezwaje. Walikwenda kuulizana nyumba hadi nyumba. Mmoja alisema uchanganye na uwele kidogo, mwingine alisema uloweke usiku kucha. Na mlenda, mboga ya kudharauliwa, ndio uliousaidia ule ugali mgeni ushuke kooni.

Wakati huo huo redio nayo ilikuwa ikifundisha. Kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa mwaka 1973, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, kiongozi akisoma kijitabu, kisha wakajadili. Si jambo la kubeza. Watu wengi walichimba vyoo kwa sababu ya kampeni zile. Nashangaa tu kwamba elimu ilitoka Dar es Salaam kwenda Mgori. Sikumbuki kusimuliwa na mtu yeyote kwamba redio ilikuja kumwuliza mwanamke wa Mgori anajua nini kuhusu kukausha majani.

Msitu nao lazima niutaje, japo kwa haraka, maana bila msitu hakuna jiko. Msitu wa Mgori, hekta zipatazo 40,000 za miombo, ni moja ya sehemu za mwanzo kabisa Tanzania ambako wanavijiji walikabidhiwa kusimamia msitu wao wenyewe, katikati ya miaka ya 1990. Vijiji vilikuwa vitano: Pohama, Ngimu, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga. Wataalamu wa misitu wa nchi nyingi wanaujua mfano huo. Wanaousimulia hutaja miti, doria na sheria ndogo. Bibi akiutaja msitu anataja uyoga, asali na kuni kavu.

Nirudi kwenye njaa ya kijani. Mimi niliiona kwa macho yangu mwanzoni mwa 2006, baada ya mvua za msimu ule kuchelewa. Nilikuwa darasa la pili. Wanawake wanne watano walikuwa wanakusanyika kwetu mchana, chini ya mti, wanachambua mlenda. Mlo ulikuwa mmoja kwa siku, jioni. Na pale, na matumbo yao matupu, walikuwa wanapika kwa mdomo! Mmoja anaanza: "Mimi uwele ukiiva, nampiga kisu yule jogoo mwekundu. Nampika polepole, maji kidogo, chumvi tu, mafuta yake mwenyewe yanatosha." Mwingine anamkatiza: "Chumvi tu? Utamharibu. Mkaange kwanza na alizeti." Wanabishana. Wanapandisha sauti kuhusu jogoo ambaye hajachinjwa, na kuhusu karanga zitwangwe mbichi au zikaangwe kwanza. Sisi watoto mate yanatutoka, tukiona wakubwa hawa wamerukwa na akili au wanatutesa makusudi.

Jambo hilo lilikaa kichwani mwangu kama deni, mpaka niliposoma habari za Mina Pächter. Huyu alikuwa mama wa Kiyahudi kutoka Bohemia, akafungwa na Manazi katika kambi ya Theresienstadt, na akafia humo mwaka 1944. Humo, wakiwa wanakufa njaa, yeye na wanawake wenzake waliandika mapishi ya nyumbani kwao: keki, maandazi na mengineyo. Baadhi ya mapishi yana mapengo, kiungo fulani kimesahaulika, kwa sababu mwandishi wake alikuwa na njaa na hofu. Karatasi zile zilishonwa kwa mkono, zikapita mikono mingi, zikamfikia binti yake New York mwaka 1969. Zikachapwa kuwa kitabu mwaka 1996.

Silinganishi mateso. Mgori haikuwa kambi, na hakuna aliyekuwa amewafungia wanawake wale chini ya mti. Ila nilipofika pale paliposemwa kwamba wafungwa walikuwa wakibishana nani anajua kupika vizuri zaidi, nilifunga kitabu nikakaa kimya. Nilisikia sauti kabisa: "Chumvi tu? Utamharibu."

Hapa ningeweza kuandika kwamba jiko ni dawa, nikapigiwa makofi. Lakini ningekuwa mwongo. Wasiwasi wa bibi ulizaliwa jikoni pia: kuni za kutafutwa mbali, maji, sufuria ya watu wanane. Wanaume walikuwa na wasiwasi wao, na wengi waliupeleka kilabuni, nao walirudi wakitaka kula. Macho ya bibi leo hayaoni vizuri, na moshi wa miaka hamsini una mkono wake katika hilo, ingawa mimi si daktari. Anayesema upishi unatuliza moyo amwulize kwanza mpishi kama alikuwa na hiari. Naona tofauti iko hapo: kupika kwa sababu watoto wanalia ni kazi, na inachosha. Kuchambua majani na wenzio huku mnabishana kuhusu jogoo ni kitu kingine, hata kama ni mikono ile ile na siku ile ile.

Mimi mwenyewe nilikuja kuomba pishi hilo katika hali ya aibu kidogo. Kibarua changu Dodoma kilikwisha ghafla, kodi ya chumba ilikuwa inakaribia, na nikaanza kuamka saa tisa usiku, moyo unapiga kama nimekimbizwa. Nikawa nahesabu, kama walivyohesabu wale, isipokuwa mimi nahesabu shilingi. Usiku mmoja niliona kifuko cha mlenda ambacho bibi alinipa Krismasi, hakijafunguliwa. Kulipokucha nikampigia simu.

"Bibi, mlenda unapikwaje?"

Kimya. Halafu: "Mume wangu, una nini?" Ndivyo mabibi wa kwetu wanavyotuita wajukuu wa kiume. Alikuwa amekwisha jua. Mtu mzima haulizwi mlenda asubuhi saa kumi na mbili. Hakunidadisi zaidi. Akaanza kutaja, nami nikaandika nyuma ya barua ya maombi ya kazi:

Chemsha maji vikombe viwili. Tia magadi, kipande kama punje ya hindi. Maji yakiruka, nyunyiza unga wa mlenda vijiko vitatu huku unapekecha kwa upekecho, usiache, ukiacha unaumuka na kumwagika. Usifunike. Tia nyanya moja iliyokatwa, chumvi, halafu karanga za kutwanga kiganja kimoja. Pekecha mpaka uvutike. Epua.

Nikapika. Ukaumuka ukamwagika, maana niliacha kupekecha nisome karatasi. Mara ya pili ulikubali. Dakika kumi na tano zile, mkono mmoja kwenye upekecho na jicho kwenye povu, sikuhesabu kitu. Kodi haikulipika kwa sababu hiyo, msomaji asinielewe vibaya. Niliilipa baadaye kwa kukopa. Lakini kesho yake nilipika tena, na safari hiyo nikamwita jirani wa chumba cha pili, kijana wa Kondoa, ambaye alionja akasema kwao hawaweki nyanya kabisa na kwamba mimi ninaharibu mboga. Tulibishana mpaka ugali ukapoa.

Jioni nikampigia bibi nimsomee nilichoandika, ahakiki kabla sijaliingiza humu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Magadi ya huko mjini ni makali," akasema. "Punguza nusu."

Nimepunguza.